Tulipiga marufuku Kiswahili nyumbani ili mtoto ajue Kiingereza, sasa haongei kabisa

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nyegezi hapa Mwanza. Nakuandikia kuhusu huyu mkubwa, wa kiume, ana miaka minne na nusu. Januari tulimpeleka shule ya mchepuo wa Kiingereza, beibi klasi. Ada yake sitaki hata kuitaja. Baba yake ni fundi wa injini za boti, mimi nina duka dogo la mitumba, kwa hiyo unaweza kukisia tunavyojibana. Lakini tulikubaliana wote wawili. Sisi tumesoma Kayumba, yaani shule za msingi za serikali, tukafika kidato cha kwanza tukakuta kila kitu kimegeuka: baiolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza, hata matangazo ya mstarini Kiingereza. Mimi mwaka mzima nilikuwa nanakili ubaoni nisichokielewa. Hatutaki mtoto wetu apite njia hiyo.

Kwenye kikao cha kwanza cha wazazi mwalimu mkuu alitusisitizia jambo moja. Nyumbani ongeeni Kiingereza tu, Kiswahili kinawachelewesha watoto. Wazazi tukapiga makofi. Baba yake alirudi na sheria siku hiyo hiyo: Kiswahili marufuku mbele ya mtoto.

Sasa Mwalimu, Kiingereza changu ni kile cha kuombea maji. Nikijisikiliza, siku nzima namwambia mtoto "come", "sit", "eat", "don't touch", "go and sleep". Zamani nikiwa nakaanga dagaa alikuwa anakaa kwenye kigoda pembeni ananihoji mpaka kichwa kiniume. Mama, mbona dagaa wana macho? Wanatuona? Nani aliwaua? Sasa hivi akiuliza nashindwa kumjibu kwa Kiingereza, namwambia "eat". Ameacha kuuliza.

Dada wa kazi ndiyo kabisa. Yeye Kiingereza hajui hata salamu, basi akaambiwa asiongee na mtoto, amlishe, amwogeshe, amwashie katuni za Kiingereza. Msichana huyu alikuwa hodari wa hadithi na vitendawili, mpaka watoto wa jirani walikuwa wanakuja kumsikiliza. Siku hizi nikirudi nakuta nyumba imepoa, runinga ndiyo inaongea peke yake.

Shuleni nako mtoto hafungui mdomo. Mwalimu wa darasa anaandika kwenye diari kila Ijumaa kwamba hashiriki. Wana utaratibu wa kibao: anayeongea Kiswahili anavishwa shingoni, anakaa nacho mpaka amnase mwenzake naye amvishe. Karibuni ameanza kurudi na kaptula imelowa. Nikampeleka zahanati, mkojo ukapimwa, hana UTI. Usiku nikambembeleza kwa Kiswahili, kwa kunong'ona baba yake asisikie. Akaniambia hajui ile sentensi ya kuombea kwenda chooni, na akisema kwa Kiswahili atavishwa kibao.

Juzi amekuja mama mkwe kutoka Magu. Yeye ni Kisukuma tu, Kiswahili anakichapia. Mtoto akabaki anamtazama. Bibi akaniuliza, "Huyu mmemfanya nini?" Sikuwa na jibu.

Na hata siku akiongea anachanganya: "Mama, dada amenipush", "nataka kuwash mikono". Jirani ananiambia lugha nyingi zinavuruga ubongo, nichague moja. Baba yake anasema tukilegeza kamba sasa hivi ada yote tumeitupa ziwani. Naomba unisaidie. Turudi kwenye Kiswahili? Je, ni kweli kinamchelewesha? Kisukuma cha bibi nikizuie? Au nimhamishe shule?

Mama Wawili, Nyegezi

MWALIMU ANAJIBU

Marahaba mama, na pole. Nitaanza na kaptula, maana hilo halisubiri.

Kesho usimpakie kwenye basi la shule ukaenda dukani. Nenda naye hadi darasani, mtafute mwalimu wake wa darasa, usianzie kwa mwalimu mkuu, na umwambie kwa upole lakini bila kuzunguka: mwanangu anajikojolea kwa sababu anaogopa kuomba ruhusa kwa Kiswahili. Naomba akibanwa aruhusiwe kwa lugha yoyote itakayomtoka, hata kwa kunyoosha mkono tu. Mwombe aandike kwenye diari kwamba mmekubaliana. Walimu wengi wa awali wana huruma, na inawezekana huyu hana habari, kwa sababu mtoto asiyesema hasemi pia kwamba amebanwa. Mtoto akizoea kubana mkojo, hiyo UTI ambayo leo hana anaweza kuipata kesho. Ile sentensi, "May I go out", mtaifanyia kazi nyumbani kwa mchezo. Yeye awe mwalimu, akae kwenye kiti. Wewe na dada muwe wanafunzi mliobanwa, mnarukaruka, na mkikosea kuomba awakatalie. Ataishika haraka kuliko unavyodhani. Lakini ruhusa ya choo kwanza, sentensi baadaye.

Sasa kibao. Kifaa hiki wengi wanadhani ni ubunifu wa shule zetu za kulipia, kumbe ni cha zamani. Karne ya 19 huko Wales, mtoto aliyekamatwa akiongea Kiwelisi alivishwa kipande cha ubao kilichochorwa herufi W na N, akakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea naye amvishe. Aliyebaki nacho jioni ndiye aliyeadhibiwa. Ni mchezo ule ule wa shuleni kwenu. Leo Serikali ya Wales imejiwekea lengo la kuwa na wasemaji milioni moja wa Kiwelisi ifikapo 2050, na inagharamia shule za awali zinazotumia lugha ile ile iliyokuwa ikivishiwa watoto ubao. Nakueleza haya ili ukikaa na mwalimu mkuu usijione mshamba unayepinga maendeleo.

Kibao hakimfundishi mtoto neno hata moja la Kiingereza. Kinamfundisha kuchongea wenzake, na kinamfundisha kwamba anayekaa kimya hakamatwi. Mwanao amepiga hesabu hiyo vizuri sana. Diari inasema hashiriki. Mimi nasema amewaelewa.

Ukimya wenyewe shuleni, ukiutoa kwenye hofu, si ugonjwa. Mtoto mdogo akitupwa kwenye lugha mpya mara nyingi hupitia kipindi cha kusikiliza tu, wiki kadhaa, wengine miezi. Anakusanya. Anaangalia wenzake wanafanya nini mwalimu akisema "line up", naye anajipanga, bado hajatamka kitu. Watoto wa namna hii nimewafundisha, na wengi siku wakianza huanza na sentensi nzima. Kwa hiyo miezi ya kimya shuleni isingenitisha. Kinachonitisha kwenye barua yako ni kimya cha nyumbani, mahali ambapo mtoto alikuwa anahoji macho ya dagaa.

Basi jibu la swali lako la kwanza: ndiyo, rudini kwenye Kiswahili, na muanze leo jioni. Tena msirudi kwa kuibia wala kwa kunong'ona. Baba yake mwenyewe ndiye amwambie mtoto, maana yeye ndiye aliyeweka sheria: kuanzia leo hapa nyumbani tunaongea Kiswahili, uliza chochote.

Mwalimu mkuu aliposema Kiswahili kinawachelewesha watoto, alisema jambo linaloaminika sana mitaani na lisilosimama likichunguzwa. Watu wengi wanakifikiria kichwa cha mtoto kama gunia, kwamba ukitia mchele hakuna nafasi ya maharage. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada aliyefuatilia watoto wa wahamiaji, tangu mwaka 1979 ameeleza kwamba lugha mbili za mtoto zimeungana chini kwa chini. Alichokielewa kwa lugha moja hakitaki kueleweka upya kwa nyingine, kinataka jina jipya tu. Chukua usanisinuru. Mtoto aliyeelewa kwa Kiswahili kwamba jani linatumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, akifika sekondari anajifunza neno moja gumu na kusonga mbele. Ambaye hakuwahi kuelewa ana kazi mbili kwa wakati mmoja, kujua neno na kujua jambo lenyewe. Ukiniuliza ni nini kilikukaba kidato cha kwanza, sitasema Kiswahili. Kilichokukaba ni Kiingereza kilichofundishwa juu juu shule ya msingi, kisha masomo yote yakageuzwa ghafla.

Afrika tuna mfano wetu. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria, chini ya Babatunde Fafunwa, kilianza mradi ambao watoto walifundishwa masomo yote kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, huku Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake maalumu. Wenzao walifuata utaratibu wa kawaida wa kuhamia Kiingereza baada ya mwaka wa tatu. Mwishoni wale wa Kiyoruba hawakuachwa nyuma, hata kwenye Kiingereza chenyewe. Shule yenu haifanyi hivyo, najua. Inatumia Kiingereza tangu mlangoni. Ndiyo maana kazi ya kumjaza mtoto maarifa kwa lugha anayoielewa imebaki kwenu, jikoni na kitandani.

Na wewe unayo lugha ya kufanyia kazi hiyo. Kwa Kiingereza chako, na unisamehe kwa kusema wazi, mtoto amebaki na mama wa amri tano. Kwa Kiswahili ana mama anayeweza kumweleza kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwamba wanaifuata ile taa, kwamba mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wengi hawatoki kwa sababu dagaa wanatawanyika. Ana baba anayeweza kumweleza kwa nini injini ya boti inapozwa na maji ya ziwa. Kila "kwa nini" ikijibiwa kwa "kwa sababu", mtoto anajifunza kupanga mawazo, na mpango huo ndio atakaouvusha kwenda kwenye Kiingereza. Mzazi anayemimina maneno mengi, sahihi, yenye vichekesho na visa, kwa lugha yake mwenyewe, anamsaidia mtoto shuleni kuliko anayembabaishia kwa lugha ya shule.

Dada wa kazi mfungulieni mdomo. Tena baba yake amwombe radhi, si vibaya. Nyumba nyingi zinahangaika kutafuta msichana mwenye hadithi na vitendawili, ninyi mnaye na mmemweka bubu. "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto wa miaka minne akikaa kulitafakari hilo mpaka apate "yai", amefanya zoezi la akili ambalo daftari zima la kufuatisha herufi kwa nukta halimpi.

Kuhusu kuchanganya, mwambie jirani asiogope. Itazame vizuri "dada amenipush". Ameweka kiambishi cha mtendaji, cha wakati, cha mtendwa, vyote mahali pake, halafu akachomeka kitenzi alichokisikia shuleni. Hajavurugika hata kidogo. Sarufi ya Kiswahili ameishika, na ametumia neno lililokuwa karibu. Watoto wa lugha mbili duniani kote wanafanya hivyo, na sisi watu wazima tunafanya kila siku tukiongea kwenye simu. Usimkemee, wala usimwambie arudie. Mjibu tu: "Amekusukuma? Wapi? Ulianguka?" Amelisikia neno, mazungumzo yanaendelea. Upande wa Kiingereza ni hivyo hivyo. Akisema "I goed", mwambie "Oh, you went? Where did you go?" na mwendelee.

Bibi je? Usithubutu kukizuia Kisukuma. Mwache amsalimie mjukuu wake "mwangaluka" kila asubuhi, amfundishe kusema "wabeja" akipewa kitu, amtume kikombe kwa Kisukuma, amwimbie. Watoto wa nchi hii wamekua na lugha mbili tatu tangu zamani, ya nyumbani, ya sokoni na ya shule, na hakuna aliyeugua kwa hilo. Lugha nyingi hazimcheleweshi mtoto kuongea. Ila ukimhesabia maneno, hesabu ya lugha zote kwa pamoja, maana ukipima kwa lugha moja tu utamwona ana upungufu asiokuwa nao. Bibi akikaa hata mwezi mmoja, mshukuruni. Na msiwaweke kwenye kochi watazamane. Wapeni kazi ya kufanya pamoja: kuchambua mchele, kupukuchua mahindi, kulisha kuku. Maneno yatakuja yenyewe mikono ikiwa na shughuli.

Sasa Kiingereza, maana sikusema mkitupe.

Kipeni mahali pake na wakati wake. Dakika kumi na tano au ishirini kwa siku zinatosha, wakati ule ule kila siku, mtoto akiwa hana njaa wala usingizi. Nunueni kitabu kimoja cha picha cha Kiingereza chepesi, kimoja tu, msome hicho hicho mpaka akijue kwa moyo. Watu wazima tunachoka kurudia, mtoto wa umri huo hachoki. Kurudia ndiko kunakomfungulia maneno. Lafudhi yako isikusumbue, ya shuleni ataipata shuleni. Neno usilolijua muulizane, "hili tutamuuliza nani?", aone kwamba kujifunza ni jambo la watu wote. Halafu mfanye mwalimu wako. Leo shule mmeimba nini? Nifundishe. Mtoto asiyesema kitu darasani anaweza kuimba wimbo mzima bafuni kama msikilizaji ni mama yake asiyejua wimbo huo.

Michezo ya kusikia na kutenda inafaa sana kwa mtoto ambaye bado hajathubutu kutamka: "touch your nose", "jump", "turn around". Zile amri zako za jikoni hapo ndipo mahali pake, mnacheka wote na yeye naye anakuamrisha ukimbie.

Katuni zipunguzeni. Mwaka 2003, Marekani, Patricia Kuhl na wenzake walichukua watoto wa miezi tisa wa familia za Kiingereza, kundi moja likachezewa na kusomewa na mtu wa kweli anayeongea Kichina cha Mandarin, jingine likaonyeshwa mtu huyo huyo kwenye video. Waliokaa na mtu walianza kutambua sauti za Kichina. Waliokaa na video hawakupata kitu. Mwanao ni mkubwa kuliko hao, na katuni mbili tatu zitampa maneno, hasa ukikaa naye mkazizungumzia. Ila runinga haimjibu, haimsubiri, haimwoni amekunja uso. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miaka mitatu na minne asizidi saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Mchana kutwa ni mbali sana na hapo.

Na ninaomba jambo moja kwa niaba ya watoto wote wa mjini. Mgeni akija, msimsimamishe mtoto sebuleni. "Haya mwambie anko jina lako kwa Kiingereza! Ongea basi! Mbona shuleni tunalipa?" Sijui desturi hii tuliitoa wapi. Hakuna mtu mzima angekubali kufanyiwa hivyo mbele ya soda.

Kusoma nako kuna mtego wake. Shule nyingi zinakimbilia kuwasomesha Kiingereza watoto hawa wakiwa hata hawakiongei. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti ile ile popote utakapoikuta. Mtoto akishika "ma me mi mo mu" na ndugu zake, amepata ufunguo, anasoma kila kibao cha dukani. Kiingereza hakina huruma hiyo. Sikiliza "cat", "cut" na "cart" kwa sikio letu: yote ni "kat". Utafiti wa mwaka 2003 uliolinganisha lugha za Ulaya ulikuta watoto wanaosoma Kifini au Kihispania, lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, wanasoma vizuri mwisho wa mwaka wa kwanza, huku wale wanaosoma Kiingereza bado wako nyuma sana. Kwa hiyo akifika miaka mitano au sita, mfundisheni silabi za Kiswahili nyumbani, taratibu, kwa vizibo vya soda mlivyoandika silabi. Akishajua kwamba maandishi ni sauti, ujuzi huo anauhamishia kwenye Kiingereza, hajifunzi kusoma mara mbili.

Hapa sasa mpe simu baba yake asome mwenyewe. Baba, nakuelewa. Hofu yako ni ya kweli, kwa sababu ukuta wa kidato cha kwanza upo na watoto wa majirani zako wanaugonga kila mwaka. Unadhani usipomwahi sasa, mlango utafungwa. Haufungwi akiwa na miaka minne. Miaka ya 1970 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walifuatilia familia za Kiingereza zilizohamia Uholanzi, wakawapima wakubwa kwa wadogo jinsi walivyokuwa wanakipata Kiholanzi. Miezi ya mwanzo waliokwenda mbio kuliko wote ni wa miaka 12 hadi 15. Wa mwisho walikuwa wa miaka mitatu hadi mitano. Wadogo faida yao huja polepole, hasa kwenye matamshi, na huja wakipewa miaka mingi na mazingira mazuri. Cummins naye aliona kwamba mtoto anaweza kupata lugha ya kuchezea na wenzake kwa miaka kama miwili, lakini lugha ya vitabu na mitihani inachukua miaka mitano hadi saba. Ada yako ni ya safari hiyo ndefu. Hujaitupa ziwani kwa sababu mtoto amemuuliza mama yake kuhusu dagaa kwa Kiswahili.

Mama, kuna dalili za kuzitazama. Mkishafungulia Kiswahili nyumbani, ndani ya wiki chache mtoto anapaswa kurudi kuwa yule msumbufu wako wa jikoni. Ikiwa hata hapo hasemi, au anapoteza maneno aliyokuwa nayo, au ukimwita kwa nyuma hageuki, mpeleke hospitali ya rufaa wamcheki masikio kwanza. Na kama nyumbani anaongea vizuri lakini mbele ya watu wa nje anaganda miezi nenda miezi rudi, hiyo nayo ni hali inayojulikana na ina msaada wake. Waulize hapo hapo kama wana mtu wa saikolojia ya watoto.

Kuhusu kuhama shule, subiri uone watakavyolipokea suala la choo na la kibao. Likipokelewa, kibao kikaondolewa hata kwa beibi klasi tu, na mwalimu wa darasa akaacha kuandika "hashiriki" akaanza kuandika anachokifanya, mbakize, kosa lao linarekebishika. Wakikujibu kwamba huo ndio utaratibu na ada imeshalipwa, anza kutafuta sasa hivi kwa ajili ya Januari. Shule ya mchepuo wa Kiingereza yenye walimu wanaomjibu mtoto wa miaka minne kwa Kiswahili anapolia, zipo. Tembeleeni mbili tatu wakati wa mapumziko ya saa nne, siyo siku ya maonyesho. Na msiidharau awali ya shule ya msingi ya serikali iliyo karibu nanyi, kama darasa halijafurika kupita kiasi. Ada mtakayookoa inatosha kumlipa mwalimu wa Kiingereza wa jioni mara mbili kwa wiki, mwenye kujua kuimba na kukimbia na watoto, na mtabaki na chenji.